Kimya cha Mwabagole

Zahanati ya Mwabagole,
9 Mei 1999

Noela binti yangu,

Baba yako ameniandikia kutoka Biharamulo kwamba umepata kazi Shinyanga mjini, na kwamba kazi yenyewe ni kupima kelele. Nilicheka mpaka Zipora, muuguzi kijana niliyeletewa mwaka huu, akaja kuchungulia kulikoni. Wewe uliyekuwa ukilia mpaka majirani wanakuja kuuliza tumekufanya nini, leo unalipwa mshahara kwenda kusikiliza kelele za wenzako! Hongera sana. Nimeshawatangazia wagonjwa wote hapa, hata wale waliokuja na jino tu.

Sasa nina shauri linalohusu kazi yako, kwa hiyo kaa vizuri.

Mgodi wa dhahabu ulioanza ng'ambo ya kilima chetu umekuwa shimo kubwa la wazi, na tangu Machi wanamwaga kifusi upande wetu. Malori yale ni makubwa kuliko zahanati hii. Yananguruma yakipanda, yanamwaga mawe, halafu yakirudi nyuma yanalia ule mlio wao wa kukera, kutwa nzima hadi watu wanapokwenda kulala. Wakilipua baruti hupiga king'ora kwanza, mtu unajiandaa, inapita. Malori hayapiti.

Nyumbani kwangu ningevumilia. Taabu iko kwenye chumba cha wazazi. Unajua mkunga humsikiliza mtoto aliye tumboni kwa kile kipembe cha mbao, upande mpana juu ya tumbo la mama, upande mwingine sikioni kwako. Mapigo yale ni madogo sana. Yakianza kupungua kasi ndipo unapojua mtoto anataabika, na lazima uamue haraka. Malori yakiwa juu ya kifusi sisikii kitu. Nisiposikia naogopa, na nikiogopa namtuma mama hospitali ya wilaya. Mmoja alijifungulia njiani, juu ya magunia ya mchele, kabla hata ya kufika Kagongwa. Mtoto ni mzima, lakini mama mwenyewe hajaniamkia tangu siku hiyo.

Mganga mkuu wa wilaya alikuja kutuona, mtu mpole. Amesema kama hapa mtoto hawezi kusikilizwa, basi ikifika mwisho wa Agosti uzazi utahamishiwa kituo cha afya cha barabara kuu. Kwa mkokoteni wa ng'ombe ni mwendo wa nusu siku. Wewe fikiria uchungu wa kuzaa juu ya mkokoteni.

Tulilalamika. Mgodi ukamtuma kijana mmoja mstaarabu apite nyumba kwa nyumba akiuliza kelele zinawasumbua vipi. Hawa majirani zangu Wasukuma, kila mmoja alimpa kigoda na kumjibu "mhola", yaani salama tu. Mgeni aliyeingia kwako mara ya kwanza utampokeaje kwa lawama, hata maji hajanywa? Akaandika kwamba hakuna tatizo, akaenda zake. Watu waliposikia alichoandika walishangaa kweli. Walikuwa wakimngoja arudi mara ya pili ndipo waseme.

Njoo na chombo chako. Chombo hakina adabu, kitasema siku ya kwanza.

Shangazi yako,
Justa


Kambarage, Shinyanga,
23 Mei 1999

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva Januari, nami nimeisoma mbele ya tajiri wangu, Bwana Rushabh. Usikasirike. Ilibidi, kwa sababu mgodi huo unaousema ndio uliotupa kazi ya kupima kelele vijijini. Ofisi yetu iko juu ya duka la vitambaa la baba yake, na yeye ni mtu wa haki mpaka anachosha. Nilipomwambia kwamba mkunga wa Mwabagole ni shangazi yangu, alisema niende nikapime, ila vipimo vya kuamulia atavichukua yeye mwenyewe ili mtu asije akasema ndugu wamepika hesabu.

Chombo chenyewe ni kama tochi ndefu yenye sponji nyeusi kichwani. Tunakisimamisha juu ya miguu mitatu uani, na kinaonyesha ukubwa wa sauti saa zote. Mgodi umekubali kikomo cha jioni ambacho malori hayatakiwi kukivuka kwenye makazi ya watu. Wakikivuka lazima wabadilishe kitu, wahamishe kifusi au wajenge tuta la kuzuia sauti. Kwa hiyo shauri lako lina njia.

Nimekumbuka nilipokuwa darasa la tano nikakaa kwako likizo nzima. Usiku mmoja ulinionyesha kipembe chako na kuniambia nisikilize tumbo la mama mmoja. Sikusikia chochote, nikadanganya kwamba nimesikia. Ulijua, ukacheka. Nadhani tangu siku hiyo nilitaka kujua watu wanasikiaje.

Nitafika wiki ya kwanza ya Juni.

Mwanao,
Noela


Kambarage,
14 Juni 1999

Shikamoo Shangazi,

Nimerudi salama, na michembe ya viazi vitamu uliyonifungia imekwisha kabla sijafika Kahama. Bwana Rushabh ameambulia harufu ya mfuko.

Samahani kwa kukushtua siku ile ya kwanza. Nilikuita tangu mlangoni, nikarudia, hukugeuka mpaka nilipokushika bega. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi malori yalivyowazidi nguvu. Nimelieleza hilo kwenye taarifa yangu.

Vipimo vimevuka kikomo, tena si kidogo. Lakini kuna kizuizi. Bwana Cornel, afisa mazingira wa mgodi, amevisoma akasema kelele za jioni Mwabagole si za malori peke yake. Ametaja ngoma. Si mtu mbaya, Shangazi, na kwa hilo hakosei. Mavuno yamekwisha, yale makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, yanafanya mazoezi ya mashindano kila jioni, na chombo changu kimenasa ngoma zao pamoja na malori. Anasema hawezi kumwomba mkubwa wake ahamishe kifusi kwa sababu ya ngoma za watu wengine.

Kinachotakiwa ni jioni moja ambayo malori yanafanya kazi na kijiji hakina sauti yoyote, kisha saa moja ya malori kusimama ili tupate cha kulinganisha. Mgodi umekubali kusimamisha malori kwa saa hiyo. Lakini nani atawanyamazisha Wasukuma mwezi wa ngoma? Naogopa tutasubiri mpaka mvua, na mvua zitakuta chumba cha wazazi kimefungwa.

Nisamehe kwa kukuletea habari nusu.

Noela


Mwabagole,
4 Julai 1999

Noela mwanangu,

Bwana Rushabh alifanya vizuri kukuacha nyumbani ili asiwepo wa kusema neno, lakini umekosa jambo ambalo hutalikuta tena maishani. Acha nikusimulie.

Niliposoma barua yako niliwaita manju wote wawili, viongozi wa ngoma, Stanslaus wa Wagika na Marselino wa Wagalu. Watoto wao wengi wamepita mikononi mwangu, kwa hiyo walikuja, ila waliketi kila mmoja amempa mwenzake kisogo. Nikawaeleza habari ya jioni moja bila ngoma. Stanslaus akasema Wagika watanyamaza endapo Wagalu watanyamaza. Marselino akasema Wagika hawajawahi kutimiza ahadi tangu enzi za babu zao, wakiona wenzao kimya watapiga ngoma ili wanyakue watazamaji. Wakabishana mpaka Zipora akafunga dirisha. Nilichoka, mwanangu. Nikawaambia kwa hasira, "Basi shindaneni kunyamaza."

Nilikuwa nakejeli. Wao walitazamana kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Unajua mashindano yao yanavyoamuliwa. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Wakakubaliana iwe hivyohivyo, ila bila sauti. Kila kundi likae upande wake, watu waende watakapo, na kila upande upeleke walinzi kwa wenzao kuhakikisha hakuna anayekohoa kwa makusudi. Habari zikasambaa kwamba Mwabagole kuna ngoma mpya. Watu walitoka vijiji ambavyo hata mimi sijavifika.

Jioni ilipofika, mbwa walifungwa mbali porini, majogoo wakafunikwa kwa matenga, vinu vikalazwa. Watoto wadogo walipewa ubuyu wa kumumunya. Marselino alivaa ngozi zake zote na manyoya, akasimama mbele ya watu wake bila kutikisa hata njuga moja. Stanslaus alikuja na nyoka wake wa kuchezea ngoma, naye nyoka akatulia. Uwanja ulijaa hadi barabarani, na hapakuwa na sauti ya binadamu. Malori yalinguruma peke yao juu ya kilima, yakalia ule mlio wao wa kurudi nyuma. Bwana Cornel alisimama kando ya chombo na Bwana Rushabh, akitazama namba, na hapakuwa na mwingine wa kumsingizia.

Kisha yakasimama, kama walivyoahidi. Noela, nilikuwa nimewazoea watu hawa miaka yote hii kwa kelele zao, na sikujua kwamba wana uwezo huo. Hakuna aliyesogea. Bwana Cornel alivua kofia yake ya mgodini, akakaa chini kwenye nyasi pamoja na wengine. Saa ile ilipokwisha alimwambia Bwana Rushabh, na waliokuwa karibu wakamsikia, "Sikujua kwamba walikuwa na kimya hiki."

Nani ameshinda bado haijaamuliwa. Wagika wanadai Mgalu mmoja alipiga chafya, Wagalu wanasema chafya ile ilitoka kwa mtazamaji wa Kishapu asiye na kundi. Wanataka warudie mwakani.

Shangazi yako,
Justa


Kambarage,
25 Julai 1999

Shikamoo Shangazi,

Tumeshinda.

Vipimo vya jioni ile havina ubishi, na Bwana Cornel ndiye aliyevipeleka kwa mkubwa wake kabla hata sisi hatujapiga chapa taarifa. Mgodi unahamishia kifusi upande wa mashariki, mbali nanyi. Unajenga tuta refu la mawe kati ya barabara ya malori na kijiji. Kuanzia saa kumi jioni malori hayatalia yakirudi nyuma, atasimama mtu na bendera, na giza likiingia atatumia taa. Na chombo kimoja kitabaki Mwabagole daima, uani kwa mwenyekiti wa kijiji, mtu yeyote aende akasome namba mwenyewe. Bwana Rushabh anasema hajawahi kuona mgodi ukikubali hilo la mwisho. Alichangamka mpaka akashuka dukani na kumwambia mama yake, Mama Nirmala, naye akatuletea chai ya tangawizi kwa sinia zima.

Anakusifu sana huyu Rushabh. Anasema malori yaliposimama alipita dirishani kwa wazazi, akaona mama mmoja amelazwa na wewe umeshika kipembe. Uliinama, ukasikiliza kidogo, ukampa Zipora asikilize yeye. Anasema wakubwa wengi wangeng'ang'ania wakati wa pekee kama ule, lakini wewe ulimpisha kijana ajifunze. Nimejisikia fahari.

Tuta likikamilika, Shangazi, utawasikia watoto kama zamani, na mganga mkuu wa wilaya hatakuwa na sababu tena ya kuhamisha uzazi.

Mwanao mwenye furaha,
Noela


Mwabagole,
19 Agosti 1999

Noela,

Tuta limekamilika wiki iliyopita. Jioni sasa nasikia watu wakisema kuna utulivu, na kweli kifua changu hakitikisiki tena. Wanawake wanapita wakinishukuru. Yule wa magunia ya mchele ameniamkia.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi. Naanzia penye ukweli. Siwasikii watoto.

Rushabh wako aliona sawasawa lakini hakuelewa alichokiona. Nilimpa Zipora kipembe kwa sababu malori yalikuwa yamesimama, uwanja mzima umenyamaza kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimeinama juu ya tumbo la mama yule na hakuna kilichofika sikioni. Zipora aliusikia moyo mara moja. Niliuona uso wake ukifunguka.

Nilikuwa na wasiwasi tangu mwaka jana, kabla hata ya malori. Jumapili malori yanapumzika, na Jumapili pia sikuwa nikisikia vizuri. Nilijiambia ni uchovu. Malori yalipokuja, Mungu anisamehe, kwa upande mmoja nilifarijika. Kila mtu aliona wazi kwa nini mkunga hasikii, na siku uliponiita mlangoni hata wewe uliona wazi. Ningeweza kukaa nyuma ya kelele zile mpaka nistaafu.

Lakini akina mama walikuwa wakizalia njiani, Noela. Zipora ana masikio mazuri na malori yalikuwa yakimziba na yeye. Hapakuwa na njia ya kumpa yeye utulivu bila kujivua nguo mimi. Nilipokuandikia Mei nilijua hilo. Niliogopa sana, nikaandika, nikampa dereva Januari barua kabla sijabadili mawazo.

Nimekwenda Mwanza kwa daktari wa masikio. Anasema ni umri, na hakuna dawa. Mganga mkuu wa wilaya anakuja mwanzoni mwa Septemba kuamua juu ya uzazi. Nitamwambia mwenyewe, na nitamwomba amwachie Zipora chumba na kuniruhusu niende. Ninaumia. Kazi hii ndiyo niliyo nayo. Usimwambie baba yako mpaka nimwandikie.

Justa


Kambarage,
28 Agosti 1999

Shikamoo Shangazi. Nakuamkia mara ya pili leo, shikamoo.

Nimejaribu kuandika barua hii na kuichana kwa siku kadhaa. Nilidhani nilikuja Mwabagole kukusaidia. Kumbe ulinitumia mimi na chombo changu kukubomolea ukuta uliokuwa umejificha nyuma yake, na ulikaa pale ukitutazama tukiubomoa, ukatufungia na michembe. Mimi nisingeweza. Nakwambia bila kuficha, ningekaa na kelele zangu.

Bwana Rushabh aliniona nalia akaniuliza. Sikumwambia, kwa kuwa ni habari yako. Nilimwambia tu kwamba nina shangazi.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie mganga mkuu kwamba unaondoka. Mwambie ukweli wa masikio, lakini la kuondoka mwachie aseme yeye. Zipora ana miezi michache tu ya kazi. Anaweza kuusikia moyo wa mtoto, lakini je, anajua afanye nini ukibadilika?

Nitakuja Septemba hata kama nikikatwa mshahara.

Mwanao,
Noela


Mwabagole,
7 Septemba 1999

Noela mwanangu,

Usikatwe mshahara. Njoo Krismasi, kuna nafasi ya kutosha na sitakuwa nimeondoka.

Mganga mkuu alifika juzi na kumkuta mkwe wa Marselino katika uchungu wa mtoto wa kwanza, kwa hiyo hatukuwa na muda wa mazungumzo. Nilimwambia palepale mlangoni kwamba masikio yangu yamekwisha, nikavaa glovu, nikaingia. Alinifuata akasimama pembeni.

Zipora aliinama na kipembe. Uchungu ulipokuja niliona amekunja uso, na nikamuuliza mapigo yanakwendaje. Akasema yanapungua, halafu akasema hapana, sijui, yanabadilika. Alikuwa ameogopa, na mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mama sioni wala sisikii anachokisikia. Sikumbuki kumwagiza jambo lolote. Alinyoosha mkono wake mwingine akanishika, akaanza kunigonga kiganjani kwa kidole, kila moyo wa mtoto ulipopiga.

Nikaelewa yote. Uchungu ulipoachia, mapigo yalichelewa kurudi, na mkunga yeyote mzee anajua hiyo ni dalili ya mtoto kukosa hewa. Nilimgeuza mama alale ubavu wa kushoto. Nilingoja nimeshika mkono wa Zipora, kidole kikigonga polepole, polepole, na mganga mkuu naye akasogea. Kisha kikaanza kuharakisha. Kikaenda vizuri, sawasawa, bila kukatika, uchungu hadi uchungu, mpaka mtoto alipotoka akilia, mwanamume, mzito.

Mganga mkuu alinawa mikono pamoja nasi. Alisema uzazi utabaki Mwabagole, na sisi wawili tubaki, na kama kuna mtu wilayani atauliza mkunga anasikiaje, aje aone.

Baba yako nimemwandikia leo. Nimemweleza habari za masikio, na nimemweleza na hili ninalokueleza wewe, kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima sikuwa nimeusikia moyo wa mtoto vizuri namna ile.

Shangazi yako,
Justa